Nenosiri Moja, Ufunguo wa Kila Mpangaji, Vocha au Akaunti: Njia Nne za Kusimamia Mtandao wa Jengo la Pamoja

Katika jengo moja la ofisi huko Kilimani, Nairobi, ambalo nimelitunzia mtandao kwa miaka kadhaa, nenosiri la waifai lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya meza ya mapokezi, na jua la dirishani lilikuwa limeififisha tarakimu ya mwisho hata wageni wakawa wanabishana kama ni 3 au 8. Kampuni sita zilitumia laini moja ya faiba, kila mfanyakazi alilijua nenosiri hilo, na walioacha kazi zamani walilijua pia. Siku mpangaji mmoja alipoachana na mhasibu wake kwa ugomvi na kuniomba nihakikishe kwamba bwana huyo hataingia tena mtandaoni akiwa ndani ya gari lake kwenye maegesho, nilibadilisha nenosiri Ijumaa jioni nikaenda zangu nyumbani. Jumatatu asubuhi ndipo tulipogundua kwamba kamera za usalama za orofa ya chini zilikuwa zimekaa wikendi nzima bila kurekodi chochote, kwa sababu nazo zilikuwa zikiingia kwa nenosiri lilelile.

Tangu hapo, mwenye jengo au msimamizi wa ofisi akinitaka ushauri, swali langu la kwanza huwa moja: mtu mmoja akiondoka, utamtoaje bila kuwagusa wengine? Jibu lake hupunguza machaguo haraka kuliko bei za ruta zilizoko Luthuli Avenue.

Vigezo

Nitazipima njia nne kwa vigezo vitano vilevile. Cha kwanza ni hicho cha kumtoa mtu mmoja. Cha pili ni vifaa visivyo na kibodi wala kivinjari, kama vile printa, kamera, runinga na mashine za alama za vidole za milangoni. Cha tatu ni makundi, yaani kama njia yenyewe inakuwezesha kuviweka vifaa vya mpangaji mmoja pamoja na kuvitenga na vya jirani yake. Cha nne ni uvumilivu wa siku mbaya, stima inapopotea au laini inapokatika. Cha tano ni gharama, na humo nahesabu saa za fundi, kwa kuwa ruta hununuliwa mara moja ilhali fundi huitwa kila mara. Kasi sikuiweka, kwani hutegemea zaidi laini yenyewe na mahali vilipofungwa vifaa vya kurushia waifai, isipokuwa katika jambo moja nitakalolitaja.

Njia zenyewe

Nenosiri moja halihitaji maelezo. Ufunguo wa kila mpangaji ni mpango ambao jina la waifai linabaki moja lakini maneno ya siri ni mengi, na mtandao humtambua mtu kwa nenosiri aliloandika. Kila mtengenezaji ameipa njia hii jina lake, ila utendaji ni uleule.

Vocha ni mtandao ulio wazi ambapo simu ikishaunganishwa hufunguliwa ukurasa unaodai namba ya vocha au malipo ya M-Pesa. Ndiyo njia inayouza intaneti ya saa au ya siku katika ploti nyingi za kupangisha za Roysambu, Zimmerman na Pipeline, na mara nyingi ruta iliyo nyuma yake ni MikroTik.

Akaunti ni pale kila mtu anapokuwa na jina na nenosiri lake, au cheti, yaani faili ya utambulisho, kilichowekwa ndani ya kompyuta yake, na seva ya RADIUS ndiyo inayoamua nani aingie. Kiwango kinachoiongoza, 802.1X, kilitolewa mara ya kwanza mwaka 2001. Ndicho kinachotumiwa na eduroam, waifai ya pamoja ya vyuo vya nchi nyingi, ambayo vyuo vya Kenya huifikia kupitia KENET, mtandao wa elimu na utafiti wa Kenya, na ndiyo maana mwanafunzi wa hapa akitembelea chuo cha nchi nyingine chenye eduroam, simu yake huingia kwa akaunti ya chuo chake bila kumwomba mtu nenosiri.

Kumtoa mtu mmoja

Hapa nenosiri moja huanguka, kama nilivyoanguka mimi. Kumtoa mmoja ni kuwatoa wote na kuwaomba warudi. Tena, chini ya WPA2, kiwango cha usalama cha waifai kilichozoeleka, anayelijua nenosiri na akanasa mawimbi wakati kifaa cha mwenzake kinaunganishwa anaweza kuyasoma mawasiliano ambayo tovuti au programu haikuyafunga yenyewe. Mrithi wake, WPA3, iliyotangazwa mwaka 2018, iliziba tundu hilo, lakini haikumpa msimamizi uwezo wa kumtoa mmoja. Wengine hujaribu kuzuia kifaa kwa anwani yake ya MAC, yaani namba inayokitambulisha kifaa hicho mtandaoni. Dawa hiyo imepoteza nguvu, kwa sababu simu za Android tangu toleo la 10 la mwaka 2019, na za iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020, hujitambulisha kwa anwani ya kubuni katika kila mtandao, na mtumiaji anayejua anachokifanya anaweza kuibadilisha.

Kwa ufunguo wa kila mpangaji, msimamizi hufuta mstari mmoja tu kwenye orodha na kazi imekwisha. Hata hivyo kuna uamuzi ambao watu huuruka: ufunguo ni wa kampuni au ni wa mtu? Ukiwa wa kampuni, yule mhasibu bado anao, na shida yote ya nenosiri moja imehamia ndani ya ofisi ya watu wanane badala ya jengo la watu hamsini. Mara nyingi hilo linavumilika, kwa sababu sasa wanaosumbuliwa ni wale wanaohusika.

Vocha humtoa mtu zenyewe, muda unapokwisha, na hilo ni jema kwa mwenye ploti asiyetaka kugombana na mpangaji mlangoni. Udhaifu wake ni kwamba ruta humkumbuka aliyelipa kwa anwani ya MAC ya simu yake, kwa hiyo jirani mjanja anayeinakili anwani hiyo husafiri kwa nauli ya mwenzake. Vilevile, mtandao ulio wazi kwa kawaida hausimbi kitu hewani, hivyo usalama unabaki mikononi mwa tovuti zenyewe.

Akaunti ndizo zenye makali zaidi hapa, kwani msimamizi huifunga akaunti moja na jirani wa mwenye akaunti hiyo, aliye meza ya pili, hatambui lolote. Nina tahadhari moja tu kwa wanaoianza njia hii: kuifunga akaunti hakumwondoi mtu aliyekwisha kuingia. Ataendelea mpaka kipindi chake kiishe na kifaa kitakiwe kujithibitisha upya, au mpaka msimamizi amkate kwa mkono, na kwa hiyo muda wa kipindi hicho lazima upangwe tangu mwanzo.

Printa, kamera na runinga

Nenosiri moja na ufunguo wa kila mpangaji havitofautiani sana katika kigezo hiki. Kifaa chochote kinachojua waifai ya kawaida kitaingia, na chini ya njia ya pili kamera zitapewa ufunguo wao ambao hakuna binadamu anayeutumia, jambo ambalo lingeniokoa wikendi ile.

Vocha hazijui la kufanya na runinga. Printa haiwezi kufungua ukurasa na kuandika namba, kwa hiyo fundi hulazimika kuipitisha kwa anwani ya MAC, na kila anwani iliyopitishwa hivyo ni mlango ulioachwa wazi kwa anayejua kunakili. Nimeona ruta ya ploti moja yenye orodha ndefu ya vifaa vilivyopitishwa, nusu yake vya wapangaji waliokwisha kuhama.

Akaunti nazo zina tatizo linalofanana kwa sura nyingine, kwa sababu kamera na runinga nyingi za bei nafuu hazina kabisa uwezo wa 802.1X. Hizo zitahitaji jina la pili la waifai lenye nenosiri la kawaida. Simu nazo zina masharti yake, kwani nyingi za Android za miaka ya karibuni hazikubali tena mtu aruke uthibitishaji wa cheti cha seva, bali humtaka achague cheti na kuandika jina la kikoa. Kumweleza hayo mgeni aliyesimama ukumbini huku amebeba kikombe cha chai ni kazi ya dakika kumi, na wageni huja kumi kwa siku.

Kupanga vifaa katika makundi

Sehemu hii ndiyo inayonipatia kazi nyingi zaidi za kurekebisha, kwa kuwa watu huchagua namna ya kuingia kwa makini kisha makundi wakayapanga kwa haraka. Chombo chenyewe kinajulikana: ni VLAN, ambayo huunda mitandao kadhaa iliyotengana ndani ya nyaya na swichi zilezile kwa kukipa kila kifurushi cha data namba ya kundi lake. Namba hiyo ina biti 12, kwa hiyo makundi yanayoweza kutumika ni 4,094, idadi ambayo hakuna jengo la Westlands litakaloimaliza. Tatizo liko kwenye swali la nani akae na nani.

Wengi huanza kwa orofa, kwa sababu ndivyo nyaya zilivyovutwa. Mpango huo hudumu mpaka kampuni ya orofa ya pili inapokodi chumba cha ziada orofa ya nne, na fundi akaanza kutoboa mianya kati ya makundi ili watu wa kampuni moja waone faili zao. Wengine hupanga kwa aina ya kifaa, printa zote huku, kamera zote kule, kompyuta zote pale. Karatasini mpangilio huo unapendeza, lakini ukiwa na wapangaji wengi maana yake ni kwamba printa ya kampuni ya mawakili imekaa chumba kimoja na printa ya jirani, na atakayekosea kuchagua jina kwenye orodha atachapisha hati ya mteja wake mezani pa mtu mwingine. Mpango ambao mimi hushauri ni wa kufuata anayewajibika: kila kifaa kiwe katika kundi la yule atakayepigiwa simu kikiharibika. Kamera, milango na lifti ni za mwenye jengo, naye ahesabiwe kama mpangaji mmoja mwenye kundi lake. Ndani ya kampuni kubwa ndipo mgawanyo wa pili, wa aina ya kifaa, huanza kuwa na faida.

Njia nne hubeba makundi hayo kwa uwezo usiolingana. Nenosiri moja linahitaji jina tofauti la waifai kwa kila kundi, na hapa ndipo kasi inapoingia, kwa maana kila jina hujitangaza hewani takriban mara 10 kwa sekunde, tena kwa mwendo wa chini ili hata kifaa cha mbali kisikie. Majina mawili au matatu hayana madhara. Nane katika jengo lililozungukwa na majirani wenye waifai zao huanza kula muda wa hewa ambao ungebeba data. Kwa ufunguo wa kila mpangaji jina ni moja, na ufunguo wenyewe ndio unaoamua kundi, hivyo mfanyakazi wa kampuni ya kwanza akienda kwenye chumba cha mikutano cha orofa ya juu anabaki ndani ya kundi lake. Akaunti hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa seva ya RADIUS inapomkubali mtu inaweza kurudisha pamoja na jibu hilo namba ya VLAN yake. Tena njia hii hufika hadi kwenye soketi ya ukutani, ili anayechomoa waya wa printa na kuchomeka kompyuta yake asijikute kwenye kundi la printa. Vocha kwa kawaida huwaweka wote kundi moja na kuwatofautisha kwa kifurushi cha kasi tu, kisha ruta huvizuia vifaa visionane. Kwa wapangaji wa chumba kimoja kila mtu na simu yake, hilo linatosha kabisa.

Jambo moja huwashangaza watu baada ya makundi kuwekwa: simu haioni tena printa wala runinga iliyo kundi jingine, ingawa kanuni za ngome ya mtandao zinaruhusu. Sababu ni kwamba vifaa hivyo hujitangaza kwa mDNS, tangazo ambalo haliruki mpaka wa mtandao. Kama kuna printa ya pamoja, basi ruta ipewe kazi ya kulirudia tangazo hilo upande wa pili, au printa iongezwe kwa anwani yake ya IP kwenye kila kompyuta. Njia ya pili inachosha lakini haina miujiza.

Siku mbaya

Nenosiri moja na funguo za wapangaji hukaa ndani ya vifaa vyenyewe au kwenye kidhibiti (kifaa kinachosimamia waifai yote) kilichomo jengoni, kwa hiyo stima ikirudi nazo hurudi. Vocha huitegemea saa ya ruta, na ruta nyingi ndogo hazina betri ya kuishikilia saa hiyo. Ikiwaka baada ya giza, huishi katika tarehe ya zamani mpaka iulize intaneti ni saa ngapi, na katika dakika hizo hesabu za muda wa wateja zinaweza kwenda kombo. Kama ukurasa wa malipo uko kwenye seva ya mbali, laini ikikatika hakuna vocha mpya itakayouzwa, ingawa hapo hakuna intaneti ya kuuza pia.

Akaunti zinahitaji uangalifu zaidi. Seva ya RADIUS ikiwa nje ya jengo, faiba ikikatwa na mtu anayechimba barabara hata printa ya humu ndani huenda isifikiwe na aliyefika asubuhi hiyo, kwa kuwa hakuna wa kumthibitisha. Dawa ni seva ndogo ndani ya kabati la swichi, yenye betri yake. Na cheti cha seva hiyo kina tarehe ya mwisho. Kikiisha muda bila mtu kukumbuka, vifaa vinavyokikagua vitakataa asubuhi moja, na utahangaika ukipimapima nyaya zisizo na kosa.

Gharama

Nenosiri moja ni bure. Ufunguo wa kila mpangaji hudai vifaa vinavyouelewa, na kabla ya kununua uliza jambo moja zaidi: mara nyingi njia hii imejengwa juu ya WPA2, ilhali masafa ya gigahezi 6 ya waifai mpya hayakubali chochote chini ya WPA3, kwa hiyo vifaa vya kisasa kabisa vinaweza kukosa kufaidi masafa hayo. Akaunti zinaweza kuendeshwa kwa FreeRADIUS, programu isiyolipiwa, lakini saa za kuisimika na kuitunza zinalipiwa, na fundi anayeielewa vizuri hapatikani kila kona.

Vocha hurudisha pesa, na ndiyo sababu zimeenea. Mwenye ploti asisahau kwamba kuuza intaneti kwa umma ni biashara inayohitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na kwamba namba za simu zinazokusanywa kwenye ule ukurasa ni data za watu, zinazolindwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Kuzikusanya kwa ajili ya malipo kunaeleweka. Kumpa rafiki yako orodha hiyo ili awatangazie watu mikopo ni kosa.

Wanaoshika usukani

Swali lile la kumtoa mtu huwahusu mafundi kuliko wapangaji, ila huulizwa mara chache. Katika majengo mengi niliyoitwa, ruta ilikuwa na akaunti moja tu ya usimamizi iitwayo admin, iliyojulikana na fundi wa sasa, fundi wa zamani, keateka, na kijana aliyewahi kuja kufunga kamera. Haijalishi umechagua njia gani kati ya hizo nne: kila fundi awe na akaunti yake, ili mabadiliko yaandikwe kwa jina lake. Ruta za MikroTik huja na ngazi tatu tayari, ya kusoma tu, ya kuandika, na ya mamlaka yote. Msimamizi wa ofisi anayetaka kujua kama laini iko hewani anatosheka na ya kwanza. Kidhibiti kinachoweza kuyagawa mamlaka kwa makundi ya vifaa ni bora zaidi, kwani mtu wa kompyuta wa kampuni fulani atashughulikia vifaa vya kampuni yake bila kuzifikia kamera za jengo.

Kwa hali yako

Ofisi ya watu wachache wanaofahamiana, yenye printa moja, haina haja ya kutafuta makuu. Nenosiri moja chini ya WPA3, pamoja na jina la pili la waifai kwa wageni, litawatosha kwa muda mrefu, mradi kamera zisiwe kwenye nenosiri la binadamu.

Jengo la ofisi lenye wapangaji kadhaa wanaoingia na kutoka, bila fundi wa kudumu, litapata nafuu kwa ufunguo wa kila mpangaji na makundi yanayofuata anayewajibika. Kampuni moja humo ikitaka kumtambua kila mfanyakazi wake, kwa mfano kwa sababu wateja wake wanaidai kumbukumbu za nani aliingia lini, ipewe akaunti ndani ya kundi lake, majirani wabaki na funguo.

Ploti ya vyumba vya kupangisha, ambako watu huhama mwisho wa mwezi na malipo ni ya mkupuo mdogo mdogo, inaelewana na vocha. Mpangaji mwenye runinga anayelipa kwa mwezi mzima apewe ufunguo wake, asiingizwe kwenye orodha ya kupitishwa kwa MAC.

Shule, hospitali au shirika lenye kompyuta zake lenyewe na mtu wa kuzitunza kila siku ndipo akaunti zinapolipa, hasa kama vyeti vinaweza kuwekwa kwenye kompyuta zote kutoka mahali pamoja. Vifaa duni vitengewe jina lao na kundi lisilofika popote ila kwenye kinasa cha kamera.

Kwa yeyote anayehama kutoka njia moja kwenda nyingine, anza na vifaa visivyo na mtu wa kulalamika, yaani kamera na milango, na uthibitishe kwa macho kwamba vinarekodi. Jina la zamani la waifai liache likiwaka kwa majuma mawili, ukitazama kila jioni ni vifaa gani bado vimeling'ang'ania. Na usilizime Ijumaa.